Nimeambiwa niifute aya moja kwenye muhtasari wa kikao cha wazee

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Mimi ni mke na mama, na ni katibu wa baraza la wazee katika kanisa letu. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi na ninaipenda. Mimi ndiye ninayeandika muhtasari wa vikao, ninayetunza daftari na ninayesoma matangazo ibadani. Naomba usitaje chochote kitakachofanya watu wanitambue.

Katika kikao chetu kilichopita mweka hazina alileta taarifa ya benki ya mfuko wa faraja. Huu ni mfuko ambao washirika wanauchangia kwa ajili ya wajane, wagonjwa na waliofiwa. Taarifa ilionyesha fedha zimetolewa zaidi ya mara moja, na hapakuwa na vocha wala jina la mtu aliyesaidiwa. Mweka hazina alipoulizwa akamtazama mchungaji. Mchungaji akasema ni yeye aliyezichukua, kwamba alipatwa na shida ya kifamilia, na kwamba atazirudisha. Hakusema ni shida gani wala atazirudisha lini. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Tumshukuru Mungu kwamba mtumishi wake amekuwa mkweli," akaomba, tukaingia kwenye ajenda ya semina ya vijana.

Mimi niliandika kama ilivyosemwa, aya moja fupi. Nilipowapelekea wazee rasimu, mmoja wao alinipigia simu kwa niaba ya wenzake. Akataka ile aya niitoe na mahali pake niandike tu, "Taarifa ya fedha ilipokelewa." Akasema mambo ya nyumbani hayaanikwi barazani, na akanikumbusha neno lisemalo, "Msiwaguse masihi wangu."

Mshauri, labda ningeitoa na maisha yangeendelea. Kinachoninyima usingizi ni kijana wetu wa kwaya. Mapema mwaka huu kijana huyu, ambaye alikuwa mweka hazina wa kwaya, alichukua fedha za sare akalipia deni lake mwenyewe. Wenzake walipotaka kununua vitambaa ikajulikana. Aliitwa mbele ya wazee, akakiri, akalia, akapewa muda wa kurudisha, na akarudisha zote kabla ya muda huo kwisha. Pamoja na hayo baraza likaamua asimamishwe huduma na atangazwe mbele ya kanisa. Barua niliiandika mimi, na mimi ndiye niliyeisoma. Alisimama mbele pale, mikono ameikunja nyuma kama mtoto wa shule. Mama yake alikuwa ameketi safu ya pili. Kitambaa chake cha kichwa kilimdondoka na hakuinama kukiokota. Mchungaji alihubiri siku hiyo kutoka Yoshua sura ya 7, habari za Akani aliyeficha nyara hemani mwake.

Kijana hajarudi tena kanisani. Mama yake bado anakuja, ila siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango na kuondoka kabla ya baraka. Akinipita hunisalimu vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Na huyu mchungaji si mtu mbaya. Ndiye aliyetufungisha ndoa. Baba yangu alipokuwa anakata roho, ndiye aliyekesha nasi hospitali hadi alfajiri. Nampenda na namheshimu.

Mume wangu ananiambia, "Wewe ni katibu, si hakimu. Toa hiyo aya, tuishi kwa amani." Rafiki yangu naye anasema niipige picha ile taarifa ya benki niiweke kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, watu wajionee wenyewe. La kwanza moyo wangu unakataa, la pili naliogopa. Muhtasari utathibitishwa na kutiwa saini kikao kijacho, na saini ya katibu ni yangu. Nifanyeje?

Katibu

JIBU

Amina, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kabla ya yote nikupe pole. Umebeba jambo ambalo lilipaswa kubebwa na kikao kizima, na sasa limebaki mikononi mwako kwa sababu tu wewe ndiye mwenye kalamu.

Nikikuelewa vizuri, unatakiwa uandike kwamba kikao hakikusikia kilichokisikia. Papo hapo unakumbuka kwamba ulipewa kalamu hiyohiyo kuandika kosa la kijana, kwa jina lake, na kulisoma kwa sauti. Nimegundua kitu katika barua yako: habari za mchungaji umezieleza kwa utulivu, kama katibu. Ulipofika kwa kijana na mama yake, uandishi wako ulibadilika. Nadhani fedha zilizochukuliwa zinakusumbua, lakini mizani iliyotumika inakusumbua zaidi. Basi tuanzie hapo.

Jiulize jambo hili ukiwa peke yako: je, unatamani mchungaji atendewe alivyotendewa kijana, au unatamani kijana angetendewa alivyotendewa mchungaji? Usijibu haraka. Ukitaka la kwanza, utakwenda kwenye kikao kijacho ukitafuta siku ambayo mchungaji naye atasimama pale mbele, na watu watalisikia hilo katika sauti yako hata usipolisema. Ukitaka la pili, huenda unachokitafuta ni baraza kukaa upya na kuuliza namna linavyowashughulikia wote wanaokosea, awe wa kwaya au wa madhabahuni. Inawezekana pia kwamba hakuna kati yao aliyetendewa haki. Mmoja alipewa aibu isiyo na huruma, na mwingine akapewa huruma isiyo na maswali. Huruma ya namna hiyo haimsaidii mchungaji. Inamwacha na deni, na siri, na wazee ambao tangu sasa hawatathubutu kumuuliza lolote.

Sasa tuyaangalie maneno uliyoambiwa. "Msiwaguse masihi wangu", yaani watu niliowatia mafuta, linatoka Zaburi ya 105, mstari wa 15. Soma mistari inayotangulia. Zaburi inawasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wachache na wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akiwakemea wafalme kwa ajili yao. Neno lile liliwaonya wenye nguvu wasiwaonee wasio na mtetezi. Kulitumia kumnyamazisha katibu ili kiongozi asiulizwe ni kuligeuza. Watu hutaja pia Daudi, kwamba alikataa kuunyosha mkono wake juu ya mfalme Sauli kwa sababu ni masihi wa Bwana. Ni kweli, hakumdhuru. Lakini katika sura hiyohiyo, 1 Samweli 24, alitoka pangoni akamwita kwa sauti, akamwonyesha kipande alichokuwa amekikata kwenye vazi la Sauli, na kumuuliza kwa nini anasikiliza maneno ya watu wanaomsingizia. Alimheshimu na akamuuliza, yote mawili kwa siku moja.

Paulo naye alipomwandikia Timotheo juu ya wazee aliweka mambo matatu kwa mfululizo, 1 Timotheo 5:19 hadi 21. Kwanza, shtaka juu ya mzee lisipokewe bila mashahidi wawili au watatu. Hapo anamlinda kiongozi dhidi ya fitina, na ulinzi huo ni wa haki kwa sababu kiongozi husemwa sana. Pili, wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Tatu, lolote lisifanywe kwa upendeleo. Makanisa mengi hulishika la kwanza kwa viongozi na la pili kwa washirika, na la tatu linabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo mzee aliyekupigia simu hajazua kitu kigeni. Anafuata mazoea ambayo huenda yalikuwapo kabla yake, na pengine anaamini kwa dhati kwamba analilinda kanisa. Usimhesabu kuwa mwovu mapema.

Hata mchungaji usimhukumu mapema. Nashukuru kwamba katika barua yako yote hukutumia neno wizi. Hujui ni shida gani iliyompata. Pengine ana mgonjwa nyumbani, pengine posho yake imecheleweshwa na hao hao wanaomshukuru Mungu kwa ukweli wake, na ameona aibu kusema. Hilo likiwa kweli, baraza nalo lina la kujibu. Lakini shida ya kweli haiondoi haja ya vocha. Mjane anayeomba msaada kwenye mfuko huo huulizwa jina lake na haja yake, na jibu lake huandikwa. Tena ukweli wa mchungaji, dada yangu, ulikuja baada ya taarifa ya benki kuwekwa mezani. Kijana naye alikiri baada ya kuulizwa. Hapo walikuwa sawa kabisa.

Nije kwa mumeo. Amesema wewe ni katibu, si hakimu, na kwa maoni yangu amesema kweli kuliko alivyokusudia. Katibu haamui nani ana hatia. Anaandika kilichosemwa na kilichoazimiwa. Ukiiacha aya, hujamhukumu mtu. Ukiifuta kwa sababu ya simu, hapo ndipo utakapokuwa umeamua kwa niaba ya kikao kizima nini kikumbukwe na nini kisahauliwe. Mwambie hivyo kwa upole. Anaogopa kwa ajili yako, na hofu yake isikilizwe, kwa sababu gharama ya jambo hili italipwa na nyumba yenu nzima.

Kuna utaratibu hapa unaoweza kukusaidia bila ugomvi. Rasimu ya muhtasari haisahihishwi kwa simu. Kuna ajenda ya kuthibitisha muhtasari, na baada yake ajenda ya yatokanayo, yaani mambo yanayotokana na muhtasari huo. Mjumbe anayeona kuna kosa analisema kikaoni, wenzake wanakubali au wanakataa, na marekebisho yanaandikwa. Unaweza kumjibu yule mzee: "Mzee wangu, nimekusikia na nakuheshimu. Naomba hilo ulitoe kikaoni wakati wa kuthibitisha, nami nitaandika kile ambacho kikao kitaamua." Hujakataa, hujabishana, na uamuzi umeurudisha mahali pake. Wakati huohuo isome upya aya yako uone kama ina neno lenye makali. Ingeweza kusomeka hivi: "Mweka hazina aliwasilisha taarifa ya mfuko wa faraja. Ilionekana kuna fedha zilizotolewa bila vocha. Mchungaji alieleza kuwa alizichukua kwa dharura ya kifamilia na akaahidi kuzirejesha. Kikao hakikutoa azimio." Hakuna sentensi hapo inayomshtaki mtu, na ile ya mwisho inalikumbusha baraza kwamba kazi haijaisha.

Hatari yake ipo. Wanaweza kuiondoa aya kwa kura. Wanaweza kukuvua ukatibu, na ukasikia minong'ono kwamba una kiburi. Wakiiondoa, unaweza kuomba iandikwe kwamba hukukubaliana, au ukakataa kutia saini na kueleza sababu kwa sentensi moja. Unaweza pia kutia saini ukabaki na dhamiri iliyojeruhiwa. Wako watu wema waliofanya hivyo kwa ajili ya amani na sitawatukana. Wengine hujiuzulu kimya kimya. Ninaielewa njia hiyo, lakini kabla ya kuichukua fikiria ni nani atakayepewa daftari baada yako.

Kabla ya kikao, kuna suala la kuonana na mchungaji mwenyewe. Wengi watakuelekeza Mathayo 18, uende mkaonyane ninyi wawili peke yenu. Ni njia njema, na kwa uhusiano wenu inaweza kuzaa matunda ambayo kikao hakiwezi. Mtu aliyekesha nanyi kwenye msiba anaweza kupokea kutoka kwako neno ambalo asingelipokea kwa mwingine. Ila yaangalie mambo mawili. Fedha zile si zako, kwa hiyo ninyi wawili hamwezi kulimaliza jambo hilo chumbani na kulifunga. Tena yeye ana mamlaka juu yako, na mazungumzo ya wawili yasiyo na shahidi yanaweza kusimuliwa baadaye tofauti na yalivyokuwa. Ukienda, fikiria kwenda na mzee mmoja unayemwamini, au na mkewe mchungaji kama mna uhusiano mzuri. Msiende kumshtaki. Mwombeni alilete mwenyewe kikaoni: alichukua kiasi gani, atalipa kwa utaratibu upi, na anahitaji msaada gani. Kiongozi anayefungua daftari lake kwa hiari hubaki na heshima ambayo hakuna mzee anayeweza kumtunzia kwa kufuta aya.

Usimsahau mweka hazina. Akaunti za makanisa kwa kawaida zina watia saini wawili au zaidi, kwa hiyo huenda kuna mtu mwingine aliyesaini. Pengine ni yeye, pengine alishinikizwa, na pengine kuileta taarifa ile mezani ilikuwa namna yake ya kuomba msaada. Zungumza naye kabla hujajiona uko peke yako.

Baraza likigoma kabisa, soma katiba ya kanisa lenu. Kama mko chini ya dayosisi, sinodi au jimbo, kuna ngazi ya juu na kuna mkaguzi. Kama kanisa lenu linajitegemea, kuna bodi ya wadhamini au mkutano mkuu wa washirika. Kupanda ngazi hizo si usaliti, lakini kunaweza kuligawa kanisa, na mgawanyiko huwaumiza kwanza walio wanyonge. Kuhusu kundi la WhatsApp, nitasema waziwazi kwamba naliogopa kama wewe. Picha ikishatoka haina wa kuirudisha. Itafika kwa watoto wa mchungaji na kwa watu wasiojua chochote, na mjadala utakuwa juu ya nani aliyeivujisha. Na mchungaji atakuwa ametangazwa kabla ya kusikilizwa. Tunza nakala ya rasimu yako na uandike tarehe uliyopigiwa simu na kilichosemwa, basi. Ikibainika kuna saini zilizoghushiwa, au kuna watu wanaotishwa, jambo linatoka mikononi mwa baraza na linakuwa la vyombo vya sheria. Kwa uliyonieleza, hatujafika huko.

Nataka pia ujue kwamba unachokitaka si ugeni wa siku hizi wala ukosefu wa imani. Paulo alipopeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu hakusafiri nao peke yake. Alikwenda na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8:20 na 21, kwamba anajiepusha na lawama na anafikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.  Karne nyingi baadaye, mwaka 1742, Wamethodisti wa Bristol huko Uingereza walikuwa na deni la jengo lao. Wakagawana katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wa kukusanya senti za kila juma. Kiongozi huyo alipowatembelea watu aliwauliza pia hali ya roho zao, na vikundi vikawa mahali pa kuchungana. Kanuni za John Wesley, mwanzilishi wao, za mwaka 1743 zikamtaka kila kiongozi akutane kila juma na mhudumu na mawakili, yaani watunza fedha, wa jumuiya, akabidhi alichopokea na kuonyesha nani ametoa nini. Aliyewauliza wengine habari zao alikuwa na siku yake ya kuulizwa. Nalipenda sana jambo hilo. Hakuna aliyesubiri fedha zipotee ndipo waanze kudaiana hesabu, na kwa kuwa kila mtu aliulizwa, kuulizwa hakukuwa aibu.

Pengine hilo ndilo unaloweza kulipeleka kwenye yatokanayo, bila kumtaja mtu: fedha zisitoke mfuko wa faraja bila vocha na saini mbili, mchungaji akiwa na dharura awe na mahali pa kuomba kama mshirika mwingine yeyote, taarifa ya mfuko isomwe kwa washirika kila robo mwaka, na wanaokosea katika fedha washughulikiwe kwa utaratibu mmoja ulioandikwa. Wazee wanaoogopa kumgusa mchungaji wanaweza kukubali kugusa utaratibu. Wengine wataona ni ujanja wa kumsema kwa mafumbo, kwa hiyo sema wazi kwamba ni kwa ajili ya wote, na wewe katibu ukiwamo.

Imebaki habari ya kijana na mama yake. Nimeiacha mwisho kwa sababu haihitaji ruhusa ya kikao. Baraza lilikutuma usome barua, ukasoma. Halijakukataza kwenda kumsalimu mama yule nyumbani kwake, wala kumuuliza mwanawe anaendeleaje. Usiende na siri za kikao. Usimwambie kwamba hata mchungaji amefanya vile, kwa kuwa hilo litamtwisha mzigo wako na kumpa kijana hasira mpya. Nenda tu kama dada katika Kristo. Alirudisha fedha zote, na sijaona popote katika barua yako kwamba kuna aliyelitangaza hilo ibadani. Kama kweli halijatangazwa, ni haki kuomba kikao kilitangaze, na hata wazee walio wagumu kabisa watapata shida kulikataa.

Uamuzi ni wako, ukiwa na mumeo, na unajua mengi kuhusu watu hao ambayo mimi siyajui. Ningependa kusikia yule mzee alikujibu nini utakapomwomba alitoe jambo lake kikaoni. Niandikie tena, hata kama mambo hayatakwenda kama ulivyotarajia.

Mshauri wako